Kumtoa mgonjwa wa akili barabarani asirudi tena: mwongozo kwa majirani, viongozi wa vijiji na familia nchini Uganda

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye ugonjwa wa akili ambaye amekosa makao, na umeandikwa kwa ajili ya wale wanaomwona kila siku: mwenye duka anayemkuta kibarazani kila asubuhi, mwendesha bodaboda aliyemzoea kwenye kituo chake, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anayeletewa malalamiko juu yake, na jamaa waliochoka kumtafuta. Wengi wetu nchini Uganda tukitaka kumsaidia mtu wa namna hii hufikiria jambo moja tu, nalo ni kumpakia kwenye gari na kumfikisha Butabika, hospitali ya akili ya taifa iliyoko Kampala. Safari hiyo mara nyingine ni ya lazima, lakini si sehemu ngumu ya kazi. Sehemu ngumu ni siku anayoruhusiwa kutoka. Mtu aliyetibiwa kisha akatoka hospitalini bila mahali pa kulala, bila dawa ya mwezi unaofuata na bila mtu wa kumwangalia, hurudi barabarani, na akirudi huwa mgumu zaidi kusogelewa, kwa sababu amekwisha kujifunza kwamba wanaomkaribia humchukua kwa nguvu. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kuitazama siku hiyo tangu mwanzo.

Ugonjwa na kukosa makao vinavyosababishana

Skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii na kushikilia mambo yasiyo na ukweli, kwa kawaida huanza ujanani, kati ya mwisho wa miaka ya kumi na mwanzo wa miaka ya thelathini. Huo ndio umri ambao kijana wa Uganda ametoka kijijini, amepanga chumba kimoja mjini, na analipa kodi kwa vibarua vya siku. Akishindwa kulala na kuelewana na watu, vibarua vinakwisha; mwenye nyumba huvumilia mwezi mmoja, pengine miwili, kisha hufunga mlango kwa kufuli yake. Nyumbani kwao kijijini wapo watakaompokea, lakini huenda aliondoka huko baada ya kuchoma nyumba ya mjomba au kumpiga mama yake akiwa mgonjwa, na hakuna aliyesahau.

Njia ya pili inaanzia upande wa pili. Mtu aliyefukuzwa kwenye kibanja, mjane aliyenyang'anywa nyumba na shemeji zake, au kijana aliyekulia kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa nchi, ambako vita vya waasi wa LRA viliwahi kuwaondoa majumbani watu wapatao milioni 1.8, anaweza kufika mjini akiwa na akili timamu lakini akiwa amebeba mzigo mkubwa wa moyo. Kulala nje kunamaliza kilichobaki. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kumwamsha mwenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka. Kupigwa na kuibiwa usiku kunamfanya mtu aone adui katika kila uso. Waragi, bangi, mairungi na mafuta ya kunusa, ambavyo hutumiwa ili kuzima njaa na baridi, huongeza ugonjwa uliokuwapo au huanzisha mwingine.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021, uliojumlisha tafiti nyingi za nchi tajiri, ulikuta kwamba takriban asilimia 76 ya watu wasio na makao walikuwa na tatizo fulani la akili, likiwemo la ulevi na dawa za kulevya. Waliokuwa na skizofrenia na magonjwa ya jamii yake walikuwa kama asilimia 12 tu, na tatizo lililoongoza lilikuwa pombe. Takwimu hizo ni za huko zilikotoka, wala hazifai kubandikwa Kampala au Gulu kama zilivyo. Hata hivyo zinatukumbusha jambo tunalolikosea kila siku: yule anayepiga kelele akiwa uchi katikati ya barabara ndiye tunayemwona, ilhali pembeni yake wamelala wengine wenye sonona, ulevi au kifafa, walionyamaza, ambao hakuna anayewahesabu kuwa wagonjwa. Mwongozo huu unawahusu hao pia.

Kwanza chunguza kama ni ugonjwa wa akili kweli

Kabla ya kumsogelea, waulize watu wanaokaa karibu naye. Ameonekana hapo tangu lini? Je, alikuja akiwa hivi, au alibadilika? Analala wapi, anakula nini, huwa anaanguka na kutetemeka? Majibu haya yana uzito mkubwa, kwa sababu mtu aliyebadilika ghafla ndani ya siku chache, hasa akiwa na homa, kidonda cha kichwa, shingo ngumu, au fahamu zinazokuja na kuondoka, huenda hana ugonjwa wa akili hata kidogo. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, taifodi kali, sukari iliyoshuka, kaswende iliyokaa miaka mingi, maambukizi yanayoambatana na UKIMWI na pigo la kichwani huweza kumfanya mtu aropoke, avue nguo na asiwatambue watu. Huyo apelekwe upesi katika hospitali ya kawaida iliyo karibu. Kumsafirisha kilomita mia kwenda hospitali ya akili ni kumpotezea saa ambazo zingeokoa uhai wake.

Mlevi wa muda mrefu aliyekosa pombe ghafla naye ni wa dharura. Katika siku nne za mwanzo anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu wasiokuwapo na kupata degedege, na hali hiyo huua. Asifungiwe ndani ili "apumzike na pombe", kama ambavyo familia nyingi hufanya kwa nia njema.

Kifafa kina mahali pake hapa. Wapo watu waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya kuanguka tu, kwa hofu kwamba povu lao linaambukiza, jambo ambalo si kweli. Huko barabarani huonekana kuwa wenda wazimu kwa sababu ya makovu ya moto na kuchanganyikiwa baada ya kila anguko. Nchini kwetu dawa za kifafa hutolewa katika kliniki zilezile za afya ya akili, na mara nyingi mtu wa namna hii hurejea katika maisha ya kawaida ndani ya muda mfupi kuliko mwingine yeyote atakayetajwa katika mwongozo huu.

Namna ya kumsogelea

Nenda mchana, ukiwa peke yako au na mtu mmoja tu, na kama mgonjwa ni mwanamke awepo mwanamke. Msogelee kutoka mahali anapoweza kukuona, simama hatua kadhaa mbali naye, kisha msalimie kama unavyomsalimia mtu mzima mwingine: ssebo, nnyabo, mzee, mama. Mwambie jina lako. Usimguse, usisimame kati yake na njia ya kutokea, wala usimwamshe aliyelala. Akikujibu kwa matusi, muage kwa upole na urudi kesho yake saa ileile. Mtu mmoja anayefika kila siku na kikombe cha chai na chapati humfikia mgonjwa huyu kuliko kundi la watu ishirini wenye huruma kubwa.

Akikueleza kwamba rais amemtuma au kwamba wachawi wanamfuata, usibishane naye, wala usijifanye unayaamini. Sema kwamba unaona ana hofu, umuulize kama amelala na kama amekula. Maumivu ya mwili ndiyo mlango wa haraka zaidi: mtu anayekataa kabisa kuwa ana ugonjwa wa akili anaweza kukubali kwenda kituo cha afya kwa ajili ya jino, kidonda cha mguu au kikohozi. Usimtilie dawa kwenye chakula kwa siri, kwa maana akigundua, na kwa kawaida hugundua, hatakula tena chochote kutoka kwako. Usimpige picha. Usimwahidi jambo usiloweza kulitimiza.

Sikiliza lugha anayoongea akiwa amekasirika au anapojiimbia, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ya kwao. Mtu anayezunguka Masaka akizungumza Kiacholi au Kiswahili cha Kongo amekwisha kukueleza upande wa kumtafutia ndugu. Na vifurushi vyake vichafu visichomwe moto. Watu wa usafi, na hata wasamaria wema, hukimbilia kumnyoa na kumteketezea matambara yake, ilhali ndani ya matambara hayo ndimo hukutwa kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki ya miaka iliyopita, kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya dada yake. Vitunze pamoja naye.

Mwenyekiti wa LC1, polisi na sheria

Mjulishe mwenyekiti wa LC1 mapema, kabla hujamhamisha mtu popote. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni usalama: mtu anayeonekana akimvuta mwingine kuelekea kwenye gari anaweza kudhaniwa mwizi wa watu, na hasira ya umati haingoji maelezo. Ya pili ni karatasi. Barua ya mwenyekiti, yenye muhuri, inayoeleza mtu huyu alikutwa wapi, tangu lini, na nani anampeleka, itakufungulia milango hospitalini na itabaki kuwa ushahidi siku jamaa zake watakapotokea. Mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT, naye ashirikishwe, maana yeye ndiye atakayekuwapo baada ya wewe kuhama au kuchoka.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya sheria ya zamani iliyomtazama mgonjwa zaidi kama mtu wa kufungiwa. Sheria mpya inatambua mgonjwa anayekubali matibabu kwa hiari, na inaweka utaratibu wa kumtibu kwa dharura au bila ridhaa yake pale hali yake inapohatarisha maisha yake au ya wengine. Hiari ndiyo itangulie. Ridhaa iliyopatikana kwa mazungumzo ya wiki tatu huokoa miezi ya kukimbizana, na mtu aliyekwenda kwa miguu yake hurudi kliniki kwa miguu yake.

Iwapo ameshika panga, anawarushia watu mawe, au anajaribu kujiua, hapo si mahali pa chai. Piga 999 au 112. Waeleze polisi waziwazi kwamba ni mgonjwa na kwamba unaomba afikishwe kituo cha afya, na uandamane nao ukiweza, kwa sababu mgonjwa asiye na msemaji kwa urahisi huishia mahabusu. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vipengele vya Kanuni ya Adhabu vilivyokuwa vikitumiwa kuwakamata watu kwa uzururaji. Kukosa mahali pa kulala si kosa la jinai. Kuwasomba watu usiku na kuwamwaga wilaya ya jirani, jambo linalosikika miji inapojiandaa kwa wageni, hakumtibu yeyote. Humkata mgonjwa na watu wachache waliokuwa wamemzoea na kujua anachokula.

Kamba na minyororo iachwe. Kumfunga mtu mikono kwa nyuma na kumlaza chini ya viti vya gari kumewahi kuleta vifo na mikono iliyopooza. Kama hawezi kusafiri bila kutulizwa, mwombe mhudumu wa afya wa kituo kilicho karibu ampe dawa ya kumtuliza kwanza.

Mahali pa kumpeleka

Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955 mashariki mwa Kampala, ina vitanda rasmi takriban 550, na wagonjwa waliolazwa mara nyingi huzidi idadi hiyo. Anayetoka Arua, Gulu, Lira, Mbale, Mbarara, Kabale au Fort Portal hana haja ya kuanzia huko, kwa sababu hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Vituo vya afya vya ngazi ya nne, na baadhi ya vile vya ngazi ya tatu, huwa na muuguzi au ofisa wa afya ya akili, ingawa si kila siku. Uliza siku ya kliniki kabla ya kusafiri. Kadiri mahali pa matibabu panapokuwa karibu na mahali atakapoishi baadaye, ndivyo matibabu yanavyodumu, na hili lina uzito kuliko sifa za hospitali.

Matibabu katika hospitali za serikali hayalipiwi, lakini gharama zipo. Andaa nauli, sabuni, nguo mbili, ndara, na fedha kidogo kwa ajili ya dawa zitakazokuwa zimekwisha stoo. Katika hospitali za mikoa mgonjwa hutakiwa awe na mtu wa kumhudumia wodini, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika, kwa hiyo kubalianeni mapema zamu za watu watatu au wanne.

Acha namba mbili za simu zinazofanya kazi, za watu wawili tofauti. Hospitali hubaki na wagonjwa waliopona ambao hawawezi kutoka kwa sababu waliowaleta waliandika majina ya uongo na simu zisizopatikana, wakidhani wamemaliza kazi. Kila kitanda kinachokaliwa na mtu aliyepona ni kitanda anachokikosa yule wa barabarani.

Tafuta ndugu wakati bado amelazwa

Hii ndiyo kazi ninayoitilia mkazo kuliko zote, na huanza siku ya kwanza, si siku ya kuruhusiwa. Akili inapoanza kutulia, mara nyingi ndani ya wiki kadhaa, mgonjwa hutoa vipande vidogo vya habari, naye anayesikiliza aviandike vyote: jina la shule ya msingi, mto, kanisa au msikiti, jina la mwalimu, soko la siku ya Alhamisi, ukoo na mwiko wake. Jina la ukoo peke yake linaweza kupunguza nchi nzima hadi kuwa wilaya chache. Usimuulize "unatoka wapi?" mara mia, muulize walikuwa wakiteka maji wapi.

Ukiwa na jina la parokia au la kituo cha biashara, ngazi za LC hufanya kazi vizuri sana: mwenyekiti mmoja humpigia mwenzake, na kabla ya jua kuzama mtu amekwisha kutumwa kwa miguu hadi kwenye boma linalohusika. Redio za wilaya, zinazosoma matangazo ya misiba na ya watu waliopotea kwa lugha za wenyeji, hufika mahali ambapo simu za kisasa hazifiki. Katika tangazo usitaje ugonjwa. Taja jina, umri wa makadirio na alama. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda kina huduma ya kuwatafuta ndugu waliotenganishwa, na huwafaa hasa waliovuka mpaka au waliokimbia vita. Ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya ni mtu mwingine wa kumjua kwa jina.

Kazi hii inawezekana hata kwa nchi kubwa mno. Nchini India, daktari wa magonjwa ya akili Bharat Vatwani wa Mumbai na mkewe walianza kuwachukua wagonjwa wa barabarani, kuwatibu, na kuwasindikiza hadi vijijini kwao kwa treni wakiwa na dawa mkononi. Kupitia taasisi yao ya Shraddha wamewarudisha maelfu, naye akatunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2018. Uganda ni ndogo mno ikilinganishwa na India, na teksi ya kutoka Kampala hufika karibu kila wilaya ndani ya siku moja.

Ndugu wakipatikana, usiwapelekee mgonjwa papo hapo. Nenda kwanza wewe, au mtume mtu anayeaminika, mkae chini na mzungumze. Uliza kwa nini aliondoka. Sikiliza hasira yao bila kuwalaumu, maana familia iliyouza mbuzi na shamba kwa waganga, wachungaji na mahospitali ina haki ya kuchoka. Waeleze dawa zinafanya nini na hazifanyi nini. Kisha chunguza mambo ambayo hawatayasema wenyewe. Sehemu yake ya ardhi iko wapi, na nani anailima? Mara nyingi fungu lake limekwisha kuuzwa au kugawanywa, na wale wanaolishikilia hawatafurahi kumwona akiwa mzima. Suala hilo lifikishwe kwa wazee wa ukoo na kwa baraza la LC kabla hajarudi, makubaliano yaandikwe na mashahidi watie saini, vinginevyo atarudi kwenye ugomvi uleule uliomwondoa. Ukikuta mnyororo umefungwa kwenye mti wa maembe nyuma ya nyumba, au mgonjwa mwenyewe akikuambia kwa utulivu kwamba hataki kwenda huko, tafuta mahali pengine.

Siku ya kutoka

Usimtoe kabla hujapata majibu ya mambo haya: anatumia dawa gani na kwa kipimo gani, tarehe ya kliniki inayofuata ni ipi, na je, kituo kilicho karibu na nyumbani kwake kinayo dawa hiyo stoo? Swali la tatu huulizwa na wachache. Mgonjwa huandikiwa dawa nzuri Kampala, kisha huambiwa kijijini kwamba iliyopo ni kloropromazini tu. Muulize daktari kabla ya kuondoka kama anaweza kumweka kwenye dawa inayopatikana huko, au kwenye sindano ya flufenazini, ambayo hudungwa mara moja kila baada ya wiki kadhaa na humwondolea familia vita vya vidonge kila jioni.

Dawa hizi zina madhara, na madhara hayo ndiyo yanayowafanya wengi waziache. Haloperidoli na wenzake huweza kuleta shingo kukakamaa, macho kugeuka juu, udenda, mikono kutetemeka na miguu isiyotulia. Jirani asiyejua husema kwamba dawa za hospitali zimemharibu, na mgonjwa huziacha ndani ya wiki mbili. Madhara mengi ya namna hii hutulizwa kwa kupunguza kipimo au kwa kidonge cha benzheksoli, kwa hiyo arudi kliniki, asiamue mwenyewe. Anayetumia dawa za kifafa asizikatishe ghafla kwa sababu yoyote, hata kwa ajili ya mfungo au maombi. Sina ugomvi na maombi. Mgonjwa aombewe, na vidonge vyake viendelee kunywewa hapohapo.

Daftari lake la matibabu lipigwe picha na watu wawili, kwa sababu madaftari hupotea, hulowa na huliwa na mchwa.

Asiye na pa kurudi

Wapo ambao ndugu hawapatikani au hawafai. Kwa hao, fikiria chumba kimoja cha kupanga kilicho karibu na kliniki na karibu na mtu anayemjua. Chumba ndicho matibabu. Mjini New York, tangu mwaka 1992, mradi wa mwanasaikolojia Sam Tsemberis uliwapa watu wa namna hii nyumba kwanza, bila kuwataka waache pombe au wapone kabla ya kupewa ufunguo, na wengi wao walibaki katika nyumba hizo. Canada ilijaribu utaratibu huohuo katika miji mitano, kwa watu zaidi ya 2,000, na matokeo yakaelekea upande huohuo. Mjini Chennai, shirika la The Banyan, lililoanzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya wanawake wagonjwa wa barabarani, lilikuja kuwapangisha nyumba za kawaida mitaani, wanne au watano pamoja, na mhudumu wa kuwasaidia.

Kwetu jambo hili linaweza kufanywa kwa udogo wake na kikundi cha akiba, parokia, msikiti au chama cha wafanyabiashara wa soko. Kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba na si mkononi mwa mgonjwa katika miezi ya mwanzo. Mwenye nyumba aambiwe ukweli na apewe namba ya kupiga usiku, kwa kuwa anayefichwa ndiye anayefukuza mtu kwa kelele ya kwanza. Mgonjwa apewe kazi ndogo mapema, kufagia, kuteka maji au kuosha vyombo kwenye kibanda cha chakula, na alipwe, hata kama ni kidogo.

Ukishauriwa nyumba ya kulelea wagonjwa au kambi ya maombi, itembelee bila kutoa taarifa. Angalia kama kuna minyororo, kama milango hufungwa kwa nje, kama muuguzi hufika, na kama mgonjwa anaruhusiwa kuzungumza nawe bila mtu kusimama pembeni. Jibu baya kwa moja tu ya haya linatosha kuondoka.

Wanawake, watoto na wakimbizi

Mwanamke mgonjwa anayelala nje yuko katika hatari ya kubakwa karibu kila usiku, kwa hiyo asisubiri zile wiki tatu za mazungumzo. Atafutiwe mahali pa kulala kwanza. Akiwa amebakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo bora. Polisi hutoa fomu namba 3A, ya uchunguzi wa aliyebakwa, lakini matibabu yasingoje fomu. Apimwe ujauzito kabla ya kuandikiwa dawa, kwa sababu valproate, inayotumika kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia, humdhuru mtoto aliye tumboni. Akiwa na mtoto mchanga, wasitenganishwe kwa haraka: wengi huweza kunyonyesha na kulea wakisimamiwa.

Kwa mtoto wa barabarani piga 116, simu isiyo na malipo.

Wakimbizi, ambao baadhi yao ni wasomaji wa Kiswahili, wana ugumu wa pekee. Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.5, na misaada kwa kawaida hutolewa katika makazi mtu alikoandikishwa, kama Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Kyangwali. Anayeugua akiwa Kampala huwa mbali na chakula chake, kadi yake na majirani waliotoka naye Kivu. Ofisi ya Waziri Mkuu, ndiyo inayosimamia wakimbizi, inaweza kutafuta kumbukumbu zake kwa jina au kwa alama za vidole, na shirika la TPO Uganda lina uzoefu mrefu wa kuwahudumia watu wenye matatizo ya akili katika makazi hayo. Ukiwa unajua Kiswahili, jitolee kuwa mkalimani kliniki, kwa maana daktari asiyeelewa lugha ya mgonjwa huweza kuandika kwamba anaropoka.

Akiugua tena

Wengi huugua tena, hata wale wanaokunywa dawa vizuri. Dalili za mwanzo za mtu mmoja huwa zilezile kila mara, ingawa kila mtu ana zake: mmoja huacha kulala, mwingine huanza kuoga usiku wa manane, mwingine hukataa kula kilichopikwa na shangazi. Akiwa mzima, kaeni naye muziandike, na mumuulize angependa afanyiwe nini zikitokea, nani apigiwe simu, hospitali ipi, na dawa ipi iliyomfaa au iliyomuumiza mara ya kwanza. Butabika imewahi kuwatumia watu waliopona wawasaidie wagonjwa wapya, na ushauri wao katika jambo hili huwa wa kina kuliko wetu sote. Kama kliniki yenu ina mtu wa namna hiyo, mwombeni akae nanyi. Akionekana barabarani tena, usianze upya kama aliyeokotwa jana. Mpelekee muuguzi picha za daftari lake, mweleze ni siku ngapi hajalala, na umtume yule mtu aliyekuwa akimpelekea chai.